Kifaa cha Pili

Mama mdogo alisema huku bado anatafuna mkate.

"Lakini ile mikono ya lasi, mwanangu, ungeikatia kwenye kiwiko. Ikifika mpaka kiganjani hata kunawa utashindwa. Na vile vifungo vya lulu mgongoni, siku hiyo nani atakaa akufungie kimoja kimoja?"

Kijiko kikasimama ndani ya kikombe cha Lasi. Alimtazama tu mama yake mdogo, mwanamke mpole asiyeweza kutunza siri hata akiandikiwa dawa, na mama yake mdogo akaendelea kutafuna bila habari.

Gauni hilo la harusi yake halikuwa limeonwa na mtu. Lilikuwa ndani ya kabati la chumba chake cha kushonea, limefunikwa shuka, na ufunguo alitembea nao. Alilishona jioni, wateja wakishaondoka na pazia likishashushwa. Hata yule atakayemvalia hakuwa amelitia machoni. Kitu kimoja tu alichofanya Lasi ni kulivaa mbele ya kioo na kujipiga picha, maana fundi wa nguo huona kasoro kwenye picha ambazo kioo humficha. Picha zikabaki kwenye simu yake, na simu ina namba ya siri.

"Gauni gani, mama mdogo?" akauliza taratibu.

Mama mdogo akaacha kutafuna. Akamgeukia dada yake, mama wa Lasi. Mama akanyanyuka ghafla, akasema anakwenda kutazama birika jikoni, na birika lilikuwa pale pale mezani.

"Si hilo... watu wanasema," mama mdogo akababaika.

"Watu gani?"

"Watu, mwanangu. Watu wana midomo."

"Midomo sawa. Macho waliyoonea wameyatoa wapi?"

Jibu lilitoka jikoni, kwa sauti ya mama, na mama mwenyewe hakujitokeza.

"Muulize huyo fundi simu wako. Si ndiye anayeingia kwenye simu za watu? Nilisema mimi. Mwanaume aliyezoea kufungua simu za wenzake, ya kwako atashindwaje? Nilisema, nikaonekana mbaya."

Lasi alihisi shingo ikipata moto, pale pale ulipolala mkufu wake. Ndani ya blauzi, kwenye mkufu huo, ilining'inia pete ya uchumba aliyovishwa na fundi huyo. Aliivaa shingoni kwa sababu mama alikwisha kata kauli kwamba hataki kuiona pete hiyo kidoleni mwa binti yake ndani ya nyumba yake. Basi ikakaa shingoni, karibu na moyo, mahali ambapo leo iliwasha kama upupu.

Akachukua mkoba wake na kutoka. Chai aliiacha mezani.

*

Lasi si jina alilozaliwa nalo. Alipewa na Fundi siku ya kwanza walipoonana, na tangu siku hiyo jina la kuzaliwa likawa la nyumbani na la vyeti tu. Alimpelekea simu isiyoingiza chaji, Fundi akachukua sindano nyembamba, akachokonoa tundu la chaji, na kutoa kijidonge cha nyuzi nyeupe kikubwa kama punje ya mahindi.

"Dada, wewe simu unaichaji kwa umeme au kwa lasi?" aliuliza, na macho yao yakakutana, na Lasi akasahau alitaka kulipa shilingi ngapi.

Lakini kilichomteka zaidi ni utaratibu wa mtu yule. Mafundi wengine humpokonya mteja simu, wakamwambia aje jioni. Fundi alikuwa na viti viwili upande mmoja wa meza. Mteja hukaa naye bega kwa bega, hubonyeza namba yake ya siri mwenyewe, na huona kila kinachofanyika. Na kila simu iliyosubiri juu ya meza ile ililazwa kifudifudi. Hakuna kioo kilichotazama juu. Lasi aliona ule ni uungwana, akampenda kwa hilo.

Sasa, akipita mbele ya maduka ya viatu kwa hatua za mtu anayekwenda kudai haki yake, uungwana ule ule aliugeuza upande wa pili. Mtu asiye na cha kuficha hulaza simu kifudifudi kwa nini? Na ile siku alipoingia ghafla, akamkuta anaandika kitu kwenye simu yake mwenyewe, halafu akaigeuza? Na wiki iliyopita, simu yake Lasi ilibaki dukani kwake mchana kutwa ikichajiwa, kwa kuwa umeme ulikatika upande wa kwake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mshonaji, neno hilo halikuhitaji kufafanuliwa.

Alimkuta na mteja, bwana mmoja mwenye miwani aliyekuwa analalamika.

"Simu inaniambia imejaa, na mimi sijaweka kitu."

"Umewekewa, kaka," Fundi akasema. "Kundi la ukoo wenu linatuma video za salamu kila asubuhi, na simu yako imeruhusiwa kuzihifadhi zote. Bonyeza hapo. Hapo ndipo unapoikataza."

"Sasa shemeji zangu wakiniuliza kama nimeziona?"

"Waambie umeziona. Kuziona na kuziweka ni mambo mawili."

Siku nyingine Lasi angecheka. Leo alijiuliza jambo moja tu: huyu amejuaje kuwa ni za salamu?

Mteja alipoondoka, Fundi akamgeukia kwa uso uliochangamka, akavuta kile kiti cha pili. Lasi hakukaa.

"Picha zangu umezionyesha kwa nani?"

Uchangamfu ukamtoka Fundi polepole. "Picha zipi?"

"Usinijibu swali kwa swali. Za gauni. Zimo kwenye simu yangu tu, na leo mama yangu mdogo ananihesabia vifungo mezani kama aliyevishona yeye."

"Sijaliona hilo gauni, Lasi. Uliniambia nisilione."

"Simu yangu ilishinda hapa."

"Ilishinda inachaji. Kifudifudi. Namba yako ya siri sijui."

"Fundi wa simu hashindwi na namba ya siri."

"Hashindwi," alikubali. "Mimi sikutaka."

Neno hilo lilitoka kavu, bila kubembeleza, na Lasi akalichukia kwa sababu lilifanana na kweli. Alimtazama machoni akitafuta pa kumkamatia. Yalikuwa macho yale yale yaliyomfanya asahau bei. Akatamani yawe na hatia, walau amalize. Kumshuku mtu unayempenda ni kazi nzito. Mikono yote miwili inashikilia, na bado unaogopa kudondosha.

"Na yale maneno ya mama," akasema, "kwamba mtu aliyezoea kufungua simu za watu... mimi ndiye niliyekutetea. Kila siku. Nimegombana na mama yangu mzazi kwa ajili yako."

"Najua."

"Hujui."

Akapeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua mkufu, akauweka mezani pamoja na pete yake. Uliangukia kisahani cha bati ambacho Fundi huwekea skrubu, ukatoa mlio mdogo sana.

Fundi hakuugusa. Aliutazama tu.

"Kaa," akasema. "Tuiangalie simu. Ukishaona kilichomo, kama ni kuondoka, ondoka."

"Ili uipekue tena?"

"Sitaigusa."

Akakaa, akaiingiza mikono yake chini ya mapaja na kuikalia, mtu mzima mwenye duka lake, kama mtoto aliyekatazwa kudokoa. Lasi alikaa kwa hasira. Lakini alikaa.

"Mipangilio," Fundi akasema. "Shuka chini. Ruhusa. Sasa gusa palipoandikwa picha na video. Hapo utaona kila programu inayoingia chumbani kwako."

Orodha ikajifungua. Lasi alisoma jina moja moja, na kila jina akimwibia Fundi jicho la pembeni.

"Tochi? Tochi inataka picha zangu za nini?"

"Hata mimi nashangaa. Kazi yake kumulika."

"Kikokotoo?"

"Hicho kazi yake kujumlisha."

"Na huu mchezo wa kupasua matunda, niliucheza mara moja tu, nikiwa kwenye foleni." Akamgeukia. "Nani aliyeviruhusu hivi vyote?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Simu haifungui mlango mpaka mwenye nyumba abonyeze."

Alitaka kubisha, lakini aliikumbuka mikono yake. Mdomo umebana pini, mkono mmoja mkasi, mwingine chaki, mteja amesimama juu ya stuli analalamika kiuno kinabana, na simu inaleta dirisha la kuuliza: ruhusu, au usiruhusu? Kila mara alibonyeza kwa kifundo cha kidole, bila kusoma, ili dirisha liondoke, na neno lililokuwa karibu na kifundo lilikuwa "ruhusu". Kitambaa hakukata bila kukipima, lakini simu yake aliikatia ovyo.

"Zikataze," Fundi akasema. "Tochi, usiruhusu. Itaendelea kumulika, utaona."

Akazikataza. Tochi, kikokotoo, matunda, kamera ya kupaka watu wanja. Mabega yao yalikuwa karibu kama siku ya kwanza, na Lasi alinusa ile harufu ya spiriti anayofutia vioo, akajizuia kuisogelea. Bado hakuwa amempata mwenye kosa.

Ndipo akafika kwenye programu ya kuhifadhi picha mtandaoni. Mbele yake paliandikwa: imeruhusiwa zote.

"Hii umeniwekea wewe," akasema. "Nakumbuka vizuri. Wewe."

"Nilikwambia uiweke, siku simu yako ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji ya kunyunyizia nguo. Nilikwambia uiruhusu folda ya kamera peke yake, nyingine uziache."

"Nilibonyeza zote. Nilikuwa na haraka."

"Basi ifungue. Gusa jina lako pale juu. Kuna mahali pameandikwa vifaa."

Akagusa. Vifaa vilikuwa viwili. Cha kwanza simu aliyoishika. Chini yake, kifaa cha pili, kimetumika leo asubuhi.

Hicho hapo. Aliinua uso na kumtazama Fundi kwa macho ya mtu aliyemkuta mwizi na mguu mmoja dirishani.

"Ni simu yako hii."

"Soma jina lake."

Akasoma, na sauti ikamfia njiani. Lilikuwa jina aliloipa simu yeye mwenyewe, zamani, alipokuwa anaanza kazi na simu ile ilikuwa ndiyo mali yake ya kwanza: Cherehani Yangu.

Simu ile yenye ufa kwenye kona alimpa mama, aliponunua mpya. Alitoa laini yake, akafuta majina ya wateja, akadhani amemaliza. Akaunti yake ya picha hakuitoa. Basi kila alichokipiga hapa, kikaingia kule, kwenye simu iliyolala dirishani mwa chumba cha mama yake.

Fundi hakusema "si nilikwambia". Angesema, pengine Lasi angepata pa kushikia hasira. Alisema tu, kwa sauti ya kazi:

"Kuna kitufe cha kuondoa kifaa. Ukikibonyeza, kule kwake zitatoweka. Uamuzi ni wako."

Lasi hakubonyeza. Wazo jingine lilikuwa limempiga.

"Picha za skrini, nazo zinakwenda?"

"Kama umeruhusu zote, nazo zinakwenda. Kwa nini?"

"Si kitu."

Kilikuwa kitu. Miezi mingi nyuma, siku ya ugomvi mkubwa na mama, alimwandikia Fundi: tuoane bila yeye, atazoea akiona wajukuu. Fundi akajibu maneno ambayo Lasi aliyapiga picha pale pale kwenye skrini, ili ayasome siku za upweke. Jibu lilikuwa zuri. Lakini juu ya jibu, kwenye picha hiyo hiyo, lilikuwepo neno lake yeye, mtoto, akimtupa mama yake kama kipande cha kitambaa kilichobaki.

Akanyoosha mkono kuuchukua mkufu kwenye kisahani.

"Uache," Fundi akasema.

"Fundi..."

"Umeuvua kwa hasira. Usiuvae kwa aibu." Alikuwa hajaitoa mikono yake chini ya mapaja. "Uliingia hapa ukaniuliza nimewaonyesha akina nani. Hukuniuliza kama nimeonyesha. Hilo limeniuma, Lasi. Nenda kamalizane na nyumbani kwanza."

Fundi alikuwa amekwisha geukia dirishani, na sikio lake, lile sikio ambalo Lasi alizoea kulivuta kwa utani, lilikuwa jekundu.

*

Mama alikuwa amekaa kitandani, anakunja nguo. Mama mdogo alikwisha kimbilia kwake, kama kawaida yake akishamwaga mchele. Simu yenye ufa ilikuwa dirishani.

"Mama, nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Niisafishe."

Mama akaiwahi, akaiweka mapajani na kuifunika kwa kanga. "Haina uchafu."

"Ina picha zangu."

Mama akaendelea kukunja. Alikunja shati lile lile, akalikunjua, akalikunja tena.

"Tangu lini, mama?"

"Ya kwanza nilidhani umenitumia wewe," mama akasema mwishowe. "Umeshika kikombe, unacheka. Nikasema, mwanangu amenikumbuka. Nikangoja jioni uniulize kama nimeipata. Hukuuliza. Ikaja ya kitambaa, ikaja ya yule mteja wako mnene, ikaja wewe na huyo fundi mnakula mahindi, mashavu yamejaa. Ndipo nikajua hukunitumia mimi kitu."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningefanyaje? Humu ndani nilikuwa napata shikamoo ya asubuhi na usiku mwema wa usiku. Mule simuni ulikuwa unacheka."

Lasi alijikaza. Hakutaka kulainika upesi namna hiyo. Alikuwa amekuja na hasira yake kamili na hakuitumia hata nusu.

"Na mama mdogo?"

"Lile gauni nilishindwa kukaa nalo peke yangu," mama akasema, na kwa mara ya kwanza akamtazama. "Zuri mno."

"Halafu leo asubuhi ukamsingizia mtu."

Mama akainamisha kichwa.

"Ulijua, mama. Ulikuwa jikoni unajua, na simu iko dirishani kwako, na bado ukanituma kwake. Nimekwenda nikamtukana. Nimemvulia pete."

"Umemvulia?"

"Kwa neno lako."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Mama aliitoa simu chini ya kanga, akaishika kwa mikono miwili.

"Ile ya maandishi," Lasi akasema kwa shida, "uliisoma?"

"Niliisoma mpaka nikaikariri."

"Nilikuwa na hasira, mama. Sikuwa na maana ya..."

"La kwako nililistahili. Niliisoma kwa ajili ya lake." Na mama, asiyewahi kulitamka hata neno Fundi bila kukunja pua, akasoma toka kichwani, akiwa amefumba macho: "Bila mama yako simo. Sitaki uingie kwangu ukiangalia nyuma. Nitangoja, hata akinifukuza, kesho nitakuja kumwamkia."

Lasi akakaa kitandani.

"Kumbe ndiyo maana alikuja hapa kila Ijumaa kuniamkia," mama akasema. "Nami nilikuwa namwacha amesimama mlangoni."

"Ulijua hayo miezi yote, mama. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ningesema nimemkubali, ungeniuliza nimebadilishwa na nini. Mwizi hawezi kuisifu mali mbele ya mwenyewe. Nikaona bora niendelee kukataa, mpaka nipate sababu nyingine ya kukubali. Sikuipata. Leo dada yangu alipoponyokwa na ulimi nikaogopa, nikamrushia lawama huyo fundi wako, maana yeye nilikwisha zoea kumrushia."

Lasi alitamani kumkumbatia na kumfokea kwa pamoja, na kwa kuwa haviwezekani, hakufanya chochote. Angeweza kubonyeza kile kitufe pale pale, akayamaliza. Badala yake akaingiza simu yake mkobani.

"Kwake utakwenda wewe, mama. Mimi sitakusemea."

"Nikamwambie nini?"

"Hayo ni yako."

Na Lasi alipojilaza jioni ile, shaka haikuwa imemtoka, ilikuwa imebadili mlengwa tu. Mtu aliyenyamaza miezi yote hiyo, neno moja la binti yake litamnyanyua? Akaisikiliza nyumba. Kupitia ukuta alisikia mama akitembea, akisimama, akitembea tena.

*

Asubuhi kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa na mwenyewe hayupo. Simu yenye ufa haikuwepo dirishani.

Lasi hakunawa vizuri. Njiani kichwa chake kilimchorea mabaya yote: mama amekwenda kugomba, amekwenda kurudisha maneno yale yale ya kufungua simu za watu, na Fundi, aliyekwisha umia jana, leo atachoka. Alifika kwenye duka la viatu la jirani, akapunguza hatua. Kupitia kioo cha Fundi aliona migongo miwili, bega kwa bega.

Mama alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha pili. Alivaa nguo yake ya kwendea harusini. Simu alikuwa ameishika mwenyewe, mbali na uso, kama watu wa umri wake wanavyoshika simu. Fundi alikuwa pembeni yake, ameikalia mikono yake.

"Umenisikia lakini nilichokuambia?" mama alikuwa anauliza. "Au nirudie? Kurudia ni kugumu, lakini nitarudia."

"Nimekusikia, mama. Yameisha."

"Hayajaisha. Nilikuacha mlangoni."

"Mlango wenyewe una kivuli kizuri."

Mama alitoa sauti ambayo Lasi hakuamini ni kicheko mpaka alipoona mabega yakitikisika. Halafu mama akainamia simu.

"Nikibonyeza hapa sitamwona tena?"

"Kwa njia hii, hapana. Ukitaka kumwona itabidi umwombe mwenyewe."

"Akikataa?"

"Picha ni zake, mama. Anaweza kukataa."

Mama aliiangalia picha fulani iliyokuwa kiooni. Lasi hakuiona ni ipi. Kisha mama akakunja kidole na kubonyeza kwa kifundo, vile vile anavyobonyeza binti yake, na kioo cha simu kikawa kitupu.

Lasi akasukuma mlango. Wote wawili wakageuka. Maneno aliyoyapanga usiku kucha yakamkimbia, akabaki amesimama katikati ya duka na mkoba kifuani.

"Nilitakiwa nikuulize," akamwambia Fundi.

"Ulitakiwa."

"Nisamehe."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu kuliko Lasi alivyopenda. Alikuwa na uchovu usoni, naye hakulala. "Siku nyingine uniulize kwanza," akasema, "ndipo ukasirike."

"Na hasira zikinitangulia?"

"Basi kaa kitini. Ukasirike umekaa."

Mama alikuwa amekwisha waacha, anatazama meza: simu zilizolala kifudifudi, taa, kile kisahani cha bati. Akanyoosha kidole.

"Ile pete iliyo kwenye skrubu ni ya nani?"

"Ya mwenyewe, mama," Fundi akasema. "Nimeitunza tu."

"Mpe mwenyewe, mwanangu." Hakuwahi kumwita hivyo, na duka likajua, maana Fundi alifumba macho kidogo kabla ya kuyafumbua. Mama akajifunga kanga yake vizuri, akasimama kuwapisha kiti. "Na aivae kidoleni. Huko shingoni mimi sikuwa naiona vizuri."

Fundi akatoa mikono aliyoikalia. Ilikuwa imekufa ganzi, akashindwa kufungua mkufu, na Lasi akamshikia upande wa pili mpaka pete ikatoka.